Nzi wa Maembe Mwenye Majina Mawili

Katika ukaguzi wa chama kimoja cha msingi nilikuta daftari la mitego lenye safu mbili: moja ya Bactrocera invadens, nyingine ya Bactrocera dorsalis. Ndugu karani hakukosea kwa uvivu. Wataalamu wenyewe walitofautiana.

Nzi huyu aligunduliwa Kenya mwaka 2003, akaenea upesi Afrika. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa aina mpya, invadens, ingawa rangi ya mgongo wake hubadilika mno, nayo rangi ni shahidi dhaifu. Baadaye chembe zake za urithi zililinganishwa na za dorsalis wa Asia, zisionyeshe mpaka wa kuwatenga. Wakapandishwa, wakazaa watoto wenye kuzaa. Mwaka 2015 wakaunganishwa chini ya jina la zamani, dorsalis. Jamaa yao carambolae alibaki mbali, kwani nasaba yake ni nyingine.

Jambo hili lagusa mfuko wetu, maana nchi zinunuazo hukataa shehena kwa kufuata jina la mdudu. Majaribio ya Asia ya kuua mayai ndani ya embe kwa joto sasa yana uzito katika hoja zetu pia. Mtego haubadiliki, safu ya daftari iwe moja.