Mifupa haisahau maziwa ya mama

Kila mtu wa mgodi anajua kazi ya sampuli. Kipande kidogo cha jiwe kinapelekwa laboratwari, na baada ya muda tunaambiwa kama mna shaba nyingi au kidogo. Jicho halikuona kitu, lakini jiwe limesema.

Je, mnajua kwamba mfupa wa mtu unaweza kupimwa namna hiyo hiyo? Huo hauulizwi habari za shaba. Unaulizwa: mwenyewe alikula nini wakati wa uhai wake? Na jibu lake linawahusu wazazi wote wenye watoto wadogo.

Kijiji kilichoachwa

Huko Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, kulikuwa na kijiji cha wakulima kilichoitwa Wharram Percy. Watu waliishi pale mamia ya miaka, mpaka kijiji kikaachwa karibu mwaka 1500. Kuanzia 1950 hadi 1990 wataalamu walifukua misingi ya nyumba na makaburi ya kanisa. Walipata mifupa ya watu 687, wakubwa na watoto. Hao hawakuwa wafalme. Walikuwa watu wa jembe, na hakuna kitabu kilichoandika jinsi mama zao walivyowalisha. Ilibidi mifupa yenyewe iulizwe.

Mfupa unapimwaje?

Mfupa una sehemu mbili. Ya kwanza ni kama chokaa, ndiyo inayoufanya uwe mgumu. Ya pili ni nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, ambazo zinaushikamanisha usivunjike ovyo. Kolajeni hujengwa na chakula tunachokula, hasa kile chenye protini: nyama, samaki, maharage, maziwa.

Fundi anachukua kipande kidogo cha mfupa na kukitia katika asidi hafifu kwa siku kadhaa. Chokaa inayeyuka, kolajeni inabaki. Halafu kolajeni inakaushwa na kuchomwa, na hewa inayotoka inapitishwa katika mashine inayotenganisha atomu nzito na nyepesi.

Katika protini mna nitrojeni. Nitrojeni ni ya aina mbili, kama mapacha ambao mmoja anamzidi mwenzake uzito kidogo. Ile nzito ni haba, karibu 4 tu katika kila 1000. Mwili unapotumia chakula, unatoa zaidi ile nyepesi kwa njia ya mkojo, na ile nzito inazidi kubaki. Kwa hiyo nzito inaongezeka kila ngazi ya kula: majani yana kidogo, mbuzi aliyekula majani anayo zaidi, na mtu aliyekula mbuzi anamzidi mbuzi.

Sasa mtoto anayenyonya anakula nini? Anakula kile ambacho mwili wa mama yake umetengeneza. Basi yeye yuko ngazi moja juu ya mama. Akiachishwa ziwa, alama hiyo inashuka polepole, mpaka inalingana na ya watu wengine wa nyumbani.

Mifupa ilisema nini?

Wataalamu walipima mbavu za watoto wa Wharram Percy waliokufa katika umri mbalimbali. Wale waliokuwa bado wananyonya walikuwa na alama iliyo juu kuliko ya wanawake wa kijiji. Wale waliopita miaka 2 hawakuwa nayo tena. Ndivyo ilivyojulikana kwamba mama wa kijiji kile walinyonyesha mpaka mtoto akaribie miaka 2.

Wakapima pia urefu wa mifupa. Wachanga walikuwa wamekua vizuri, karibu sawa na watoto wa siku hizi. Lakini wakubwa wao walikuwa wamebaki nyuma: mtoto wa miaka 14 alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka 10 wa Uingereza ya leo. Wakati wa kunyonya, maziwa yalimkinga mtoto na umaskini wa nyumba. Maziwa yalipokwisha, sahani haikuweza kushika nafasi yake, na magonjwa yakapata mlango.

Na sisi?

Mlango huo upo hata kwetu. Mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa bukari na mchuzi tu, tumbo linajaa lakini mwili haujengwi. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mtoto hataki tena kucheza. Hiyo ni kwashiorkor. Si ulozi. Ni ugonjwa wa lishe mbaya.

Basi tushike mambo haya:

1. Tangu kuzaliwa hadi miezi 6, mtoto apewe maziwa ya mama peke yake. Hata maji hayahitaji.

2. Kuanzia miezi 6, aongezewe uji mzito uliotiwa karanga zilizopondwa, samaki aliyesagwa, yai au maharage. Mama aendelee kumnyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi.

3. Mtoto asiachishwe ghafula, wala asipelekwe kwa bibi ili asahau ziwa. Mama akipata mimba nyingine, aende kwanza kumwuliza muuguzi.

4. Baba, kipande kizuri cha samaki si chako peke yako. Wewe umekwisha kukua. Mtoto ndiye anayejenga mifupa.

5. Mfupa hauchagui: unaweka kizuri na kibaya. Risasi inayoingia mwilini kwa vumbi inakaa katika mifupa miaka mingi, na mama akiwa na mimba au akinyonyesha, sehemu yake inaweza kutoka na kumfikia mtoto. Kwa hiyo oga kazini, na nguo za kazi zisifike nyumbani na vumbi lake.

Wazazi wa Wharram Percy hawakuwa na njia ya kujua kwamba watoto wao wanabaki nyuma. Sisi tunayo: ni mizani ya dispanseri. Mpelekeni mtoto apimwe kila mwezi, hata kama anaonekana mzima. Uzito ukisimama, semeni na muuguzi siku hiyo hiyo.