Je, Wajua? Mikumi na vita vya njia

Je, wajua kuwa anayesoma historia ya fikra za vita na uhusiano wa kimataifa anaweza kuanzia Mikumi, Tanzania? Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyotegemea njia za huko kwa mafuta na shaba yake, ikabanwa. Mwezi uliofuata Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kutouzima uasi huo, na malori ya mafuta yakawa yanapita Mikumi kwenda Zambia, kwa barabara iliyokuwa matope masika na vumbi kiangazi. Bomba la mafuta la TAZAMA, kati ya Tanzania na Zambia, lilikamilika mwaka 1968. TAZARA, reli ya nchi hizo mbili, ikakabidhiwa mwaka 1976. Nadharia nyingi za vita huhesabu majeshi. Hapa hoja ilikuwa njia, na naiona nzito zaidi: bendera bila njia ya kwenda baharini ni uhuru nusu.

Ukitaka kuigusa historia hiyo, nenda Kidatu, ambako reli mbili hukutana. Reli inayotoka Kilosa kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000, kipimo kilichorithiwa kutoka kwa Wajerumani. TAZARA ina 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika. Kwa milimita 67 tu, mzigo hulazimika kuhamishwa behewa hadi behewa.