Droni ya bei rahisi, na tangazo la kazi Urusi

Dada mmoja ametuandikia: ameona kwenye simu tangazo la kazi Urusi, tiketi ya ndege ni bure. Jirani kamwambia huko wasichana wanaunda droni. Anauliza droni ni kitu gani, na kama maneno ya jirani ni kweli.

Tuanze na chombo chenyewe. Droni ni ndege isiyo na rubani. Ziko za kila aina, hata ile ndogo inayopiga picha harusini. Ya leo inaitwa Shahed-136. Ilibuniwa Iran, Urusi inaiita Geran-2 na imekuwa ikiitumia katika vita vya Ukraine tangu mwaka 2022. Ina urefu wa mita 3 na nusu hivi, na mbele imebeba vilipuzi vya kilo 40 hadi 50. Inaongozwa na setilaiti, na inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1,000. Hairudi. Ikifika inajigonga na kulipuka.

Injini yake ni ndogo, ya petroli, kwa hiyo inakwenda polepole, kama kilomita 180 kwa saa, na inanguruma sana. Waukraine wameibandika jina la pikipiki ndogo. Fikiria saa nane za usiku unasikia bodaboda, lakini sauti inatoka juu, si barabarani.

Sasa kwa nini chombo cha polepole hivyo kinasumbua jeshi lenye makombora ya kisasa? Ni bei. Makadirio mengi yanasema Shahed moja inagharimu dola 20,000 hadi 50,000. Kombora moja la Patriot la kuidungua linaweza kufika dola milioni 4. Ni kama mtu anayefukuza panya kwa kumrushia posho ya mwezi mzima. Panya mmoja atakimbia. Wakija mia je? Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 2025, jeshi la anga la Ukraine lilihesabu droni zaidi ya 800. Baadhi zilikuwa za kudanganya tu, zilizotumwa ili walinzi wamalize risasi.

Waukraine nao wametafuta njia za bei nafuu. Wana askari kwenye pikapu zenye bunduki za rashasha na taa kali, na mikrofoni zilizofungwa juu ya nguzo kuusikiliza ule mngurumo. Hata hivyo nyingine zinapenya, zinagonga nyumba za ghorofa na vituo vya umeme.

Na si Ukraine peke yake. Wenzetu kutoka Sudan wanajua: Mei 2025 mji wa Port Sudan, uliokuwa mbali na mapigano na umejaa watu waliokimbia Khartoum, ulishambuliwa kwa droni siku kadhaa, na maghala ya mafuta yakaungua. Zamani mtu alihesabu kilomita kati yake na mstari wa mbele, akalala. Hesabu hiyo imeharibika.

Turudi kwa dada yetu. Droni ikiwa rahisi na nyingi hivyo, lazima pawepo mikono mingi ya kuiunganisha. Mahali panapoitwa Alabuga, jimbo la Tatarstan nchini Urusi, kuna kiwanda cha Shahed. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliandika kwamba wasichana wa miaka 18 hadi 22 waliletwa huko kutoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, Nigeria na kwingineko. Matangazo yaliahidi tiketi, mshahara na maisha ya Ulaya. Baadhi walidhani wanakwenda kufanya kazi za hoteli na upishi, wakajikuta wanaunganisha droni. Walisema kemikali ziliwaunguza ngozi, na gharama kama za malazi zilikatwa kwenye mshahara. Wapo pia waliosema wameridhika, na hilo tuliseme.

Kwa hiyo jirani yako hakutunga. Na kuna jambo ambalo tangazo halitaji. Tarehe 2 Aprili 2024 Ukraine ilirusha droni yake yenyewe ya masafa marefu, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,000 na kugonga mabweni ya Alabuga. Watu walijeruhiwa. Anayeunda silaha huko analala mahali ambapo adui anapatafuta.

Dada, sikuambii usitafute kazi. Mimi mwenyewe nimejaza fomu nyingi za kwenda nje. Lakini kabla hujatuma picha na majina yako, taka jina la mwajiri na la mji, na aina ya kazi kwa maandishi. Uliza kama tiketi ni bure kweli au itakatwa baadaye, na pasipoti yako itashikwa na nani. Ukiambiwa uchukue pasipoti ya nchi uliyoikimbia, simama hapo kwanza, maana inaweza kugusa hadhi yako ya ukimbizi. Lipige picha tangazo hilo kwenye simu, ulipeleke kwa watu wa ulinzi wa wakimbizi hapo kambini. Kuuliza hakulipiwi, na kama wewe ni mdogo wa miaka 18, nenda na mama au mlezi.

Maswali mengine yatieni kwenye kisanduku kabla ya Jumatano.