Lenzi ya Baba Kwenye Kamera Yangu

Baba alikuwa akipiga picha kwa kamera ya filamu, na aliponiacha aliniachia lenzi ya Nikon, Nikkor ya milimita 50, f/1.4. Mimi napiga video za ndoa hapa Luano, Lubumbashi, kwa kamera ya Sony. Miaka miwili lenzi ile ilikaa kabatini, kwani niliamini ni ya picha za mnato tu.

Kumbe jambo kubwa ni umbali. Lenzi za Nikon za mfumo wa F zimetengenezwa zikae milimita 46.5 mbele ya filamu. Kwenye kamera yangu, ya mfumo wa E, toka mdomoni, pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye kihisio, kile kipande kinachopokea mwanga, ni milimita 18 tu. Zinabaki 28.5. Pengo hilo ndilo linalojazwa na adapta, ambayo sisi wa hapa huiita kwa Kifaransa bague, yaani pete. Ya kwangu haina kioo ndani. Ni uwazi mtupu.

Pete niliyonunua kwanza ilizidi unene kidogo sana. Nyuso za karibu zilitoka safi, lakini nilipolenga bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines kwa mbali, nilizungusha lenzi hadi mwisho na bomba likabaki na ukungu. Kwa hiyo jaribu kwa kitu cha mbali kabla hujalipa.

Faida yake naiona usiku. Lenzi iliyokuja na kamera inaishia f/4. Ya baba hupitisha mwanga mara nane zaidi, na uso wa bibi harusi unaonekana hata chini ya balbu moja. Ila kihisio changu ni kidogo kuliko filamu, hivyo milimita 50 huona finyu kama 75. Sebuleni hurudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Mwanya wa mwanga naupanga kabla ya kurekodi, maana pete yake hulia tk-tk na mlio huingia kwenye sauti. Kiangazi, vumbi jekundu likitimka, nabadilisha lenzi ndani ya nyumba, mdomo wa kamera ukitazama chini.

Si lenzi zote ni rahisi hivyo. Za Canon EF hazina pete ya mwanya. Zinataka adapta inayopitisha umeme, na bei hupanda.

Basi fungua sanduku la mzee wako. Ukikuta lenzi yenye pete ya mwanya, na kioo hakijaota kuvu, soma jina la mfumo wake, kisha pima pengo. Usiitupe.