Tetekuwanga ukubwani si mchezo: Uliza haya kwenye duka la dawa

Wengi wetu tunaamini tetekuwanga ni ugonjwa wa watoto wa chekechea. Halafu mtu anafika miaka 23, anaishi bedsita Rongai, na asubuhi moja anaona vipele tumboni. Kufikia jioni vimepanda usoni, vingine vina maji, na mwili unachemka. Pesa za hospitali hana, kwa hivyo anaenda duka la dawa la pale kona. Si vibaya, mradi ajue cha kuuliza na asichelewe.

Tetekuwanga huletwa na virusi vya varisela-zosta. Husambaa kwa hewa, na pia ukigusa majimaji ya malengelenge. Ukiambukizwa leo, dalili huja siku 10 hadi 21 baadaye. Shida ni kwamba unaanza kuambukiza wengine siku 1 au 2 kabla ya kipele cha kwanza, hadi vyote vikauke na kufanya vigaga. Yaani ushapanda matatu, ushalala chumba kimoja na wenzako hosteli, na hujui lolote.

Mtoto mwenye afya kwa kawaida hupona bila taabu kubwa. Mtu mzima huumia zaidi, na hatari ya kupata nimonia huwa juu.

Ukifika dukani, mwambie mfamasia ukweli wote: umri wako, vipele vilianza lini, dawa unazotumia, kama una mimba au ugonjwa unaoshusha kinga. Angalia pia kama leseni imebandikwa ukutani.

Cha kununua si kingi. Parasetamoli ni ya homa. Losheni ya kalamini, ile ya rangi ya waridi, hutuliza mwasho. Piriton husaidia usiku, lakini inaleta usingizi, kwa hivyo ukiimeza usiendeshe boda.

Aspirini iache, hasa kwa walio chini ya miaka 18, kwani inaweza kuharibu ini na ubongo. Ibuprofeni, ile wengi huita Brufen, pia iepuke, kwa kuwa imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi wakati wa tetekuwanga. Na usiitishe antibiotiki "za kukausha". Haziui virusi. Daktari huzitoa bakteria wakiingia kwenye vidonda.

Sasa sikiza hii. Kuna dawa ya virusi iitwayo asaiklovia, ambayo daktari anaweza kumwandikia mtu mzima. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu vipele vitokee. Ukikaa siku tatu "kuona kama itaisha," nafasi hiyo inakupita. Mfamasia mzuri atakuambia hivyo na kukuelekeza kwa daktari siku hiyo hiyo. Daktari pia ataangalia kama si mpox, ambayo iliripotiwa Kenya mara ya kwanza 2024.

Nyumbani, oga kwa maji vuguvugu bila kujisugua. Yale ya "usioge" ni porojo. Kata kucha, kunywa maji mengi, taulo yako iwe yako peke yako. Kazini na darasani usiende hadi vipele vikauke.

Nenda hospitali mbio ukishindwa kupumua vizuri, kifua kikiuma, ukichanganyikiwa, shingo ikikakamaa, au vidonda vikivimba na kutoa usaha. Mjamzito, mtoto mchanga na mtu mwenye kinga dhaifu wasingoje dalili: wakishakaa karibu na mgonjwa tu, waende.

Kinga ipo. Chanjo ilitengenezwa Japani na Michiaki Takahashi miaka ya 1970. Haimo kwenye orodha ya chanjo za bure za serikali yetu, kwa hivyo utailipia kwenye kliniki za kibinafsi. Mtu mzima huchanjwa mara 2, angalau wiki 4 zikipita katikati. Mjamzito hapewi. Na kama mwenzako wa chumba ameugua leo, chanjo ndani ya siku 3 hadi 5 inaweza kukuepusha au kupunguza makali. Piga simu kliniki kadhaa ulinganishe bei.

Hukumbuki kama uliwahi kuugua ukiwa mdogo? Muulize mama leo. Akisema hapana, anza kuweka pesa ya chanjo.