Nyumba Sahili ya Kisasa Isikose Upenu

Wananchi wengi wanaojenga katika kata zetu sasa huchagua nyumba zenye sura sahili: kuta zilizonyooka, rangi moja au mbili, madirisha mapana, na paa lisiloonekana kutoka barabarani. Mtindo huu una faida. Nyumba ya mstatili hujengwa kwa urahisi kuliko yenye kona nyingi, na kadiri paa lisivyo na mikunjo ndivyo sehemu za kuvuja zinavyopungua.

Hata hivyo, paa lililofichwa linahitaji tahadhari. Mabati bado yapo, ila yamezungushiwa ukuta uliopandishwa kozi kadhaa juu ya lenta. Maji ambayo yangedondoka nje hukusanyika nyuma ya ukuta huo, na hayana njia nyingine isipokuwa mfereji na bomba. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 100 huleta lita 2,000. Majani yakiziba bomba, maji hayo hushukia darini na kulowesha kuta.

Aidha, nyumba ya namna hii hukosa upenu. Mvua hupiga ukuta moja kwa moja, rangi hubabuka, na tofali la udongo hulainika. Jua la alasiri nalo huingia ndani kupitia madirisha ya magharibi.

Usahili unaodumu haudharau mvua wala jua. Wazee wetu waliojenga kwa udongo walishusha nyasi au makuti mbali na ukuta ili usiloe. Nyumba ya kisasa yaweza kufuata busara hiyo: paa la migongo miwili, upenu wa takriban sentimita 60, msingi ulioinuliwa, baraza moja, na pande ndefu zielekee kaskazini na kusini. Gata zikielekezwa kwenye tanki, familia hupata maji ya matumizi.

Anayependelea paa la kuficha aweke mfereji mpana, mabomba yasiyopungua mawili, na tundu la dharura ukutani ili maji yakizidi yatokee nje. Mfereji usafishwe kabla ya kila msimu wa mvua.

Kabla ya kuchimba msingi, mwananchi anashauriwa kufika Ofisi ya Mtendaji wa Kata akiwa na mchoro wake, aelekezwe kwa wataalamu wa ujenzi wa Halmashauri na kuhusu kibali. Kurekebisha mchoro ni nafuu kuliko kubomoa ukuta.