Msimbazi, mto uliotiwa haraka

Je, wajua kwamba mto unaweza kuugua hata kabla ya mtu kuutupia mfuko wa kwanza wa taka? Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unaikata Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Tukiuzungumzia, tunataja taka na majitaka. Mimi naona ugonjwa wake mkubwa ni kasi.

Ndani ya msitu, tone la mvua hupokewa na majani, huangukia kwenye mboji na kuzama ardhini. Maji hayo husafiri chini kwa chini kwa wiki au miezi, nayo ndiyo huulisha mto wakati wa kiangazi. Mjini tone hukutana na bati. Hebu piga hesabu: mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, na karibu zote hufika mtaroni mvua ikiwa bado inanyesha. Zidisha sasa kwa mapaa yote ya Tabata, Vingunguti na Kigogo, halafu ongeza lami.

Maji ya kasi hula kingo na kubeba mchanga. Jangwani, ambako bonde limetandaa na bahari ikijaa huuzuia mto kutoka, kasi hufa na mchanga hutua. Kina kikishapungua, hakihitajiki kimbunga ili Barabara ya Morogoro, inayopita hapo, ifungwe.

Kiangazi hali hugeuka. Maji yaliyostahili kuzama yalikwisha kwenda baharini wakati wa masika, kwa hiyo kinachobaki mtoni kina sehemu kubwa ya majitaka. Bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni, ambayo hata katika maji safi yenye joto la nyuzi 25 ni miligramu 8 hivi tu kwa lita. Samaki hukosa pumzi. Mlangoni mwa mto, tope likizidi hufukia mizizi ya mchu, mti wa mikokoni unaopumulia vijiti vilivyochomoza juu ya matope.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, daraja jipya la Jangwani likiwemo. Daraja litayanusuru magari. Lakini kila kilima kinachofyekwa Kisarawe na kila ua unaosakafiwa Tabata unaendelea kupeleka mchanga chini yake.